Jina Moja Kwenye Lebo

Ishrat alikuwa na miaka hamsini na tatu, na tangu azaliwe hajawahi kusema mbele za watu kwamba kazi fulani kaifanya yeye. Msimfanye malaika. Ni tabia ya mji tu. Kule Lucknow, kaskazini mwa India, ukisifiwa pilau, unasema mchele ulikuwa mzuri. Ukisifiwa mtoto, unasema walimu wake wamejitahidi. Wawili wakikutana mlangoni watabembelezana pale, tangulia wewe, haiwezekani, tangulia wewe, mpaka chai ya ndani inapoa. Watu wa Kanpur, mji wa jirani, huwacheka sana kwa hilo. Wenyewe wanaona anayejitanguliza hakulelewa.

Yeye alilelewa. Baba yake alikuwa mpiga chapa wa vitambaa, uchochoro wa nyuma ya soko la Chowk. Anachovya kibao cha mti kwenye rangi ya buluu, anagonga, ua linatokea. Wanawake wanalifuata ua kwa sindano, halafu mfuaji anaiondoa buluu yote, unabaki uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Hiyo ndiyo chikan. Mama yake alimpa sindano akiwa na miaka saba. Aliolewa na miaka kumi na tisa, akafiwa na mume na ishirini na saba, bila mtoto, akarudi kwa baba. Baba akafa. Kaka mdogo akaoa, naye akafa kwa homa ya dengi msimu mmoja wa mvua. Wakabaki yeye na wifi yake, Tarannum, na watoto wawili wa Tarannum, nyumba ya vyumba viwili. Majirani walisubiri wifi hao wang'oane nywele. Walisubiri sana.

Sasa, kitu ambacho kampuni za nguo hazitaki kukielewa mpaka leo ni hiki: chikan haina fundi mmoja. Kurta moja, yaani shati refu, inapita kwa watu kama mtoto anayebebwa kwenye sherehe. Tarannum alikuwa anashona mshono wa kivuli, ule wa kupitisha uzi nyuma ya kitambaa mpaka ua lionekane kama liko chini ya maji. Mama mmoja wa Kakori anaweka vifundo vidogo kama punje za mchele. Halafu inakuja kwa Ishrat kwa ajili ya jaali.

Jaali ukiambiwa ni kushona utabisha. Anachukua sindano butu na kitambaa chepesi kama moshi, anasukuma nyuzi za kitambaa chenyewe huku na huku, anazibana, bila kukata hata mmoja, mpaka panatokea wavu wa vidirisha vidogo. Ukikosea uzi mmoja umetoboa nguo ya watu. Mtaa mzima walibaki wanawake watatu wanaoiweza. Pale Chowk, muuza duka akiinua kurta kwenye mwanga alijua hapo hapo kama ni mkono wa Ishrat. Hakuna aliyehitaji kuliandika jina lake popote.

Halafu zikaja kolabo.

Olmark ni kampuni kubwa ya nguo kutoka huko kwenye baridi. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imechanwa vibaya mtandaoni, nguo zake zinafumuka baada ya kufuliwa mara mbili, milima ya mashati yake inaonekana imetupwa jangwani. Na kampuni ikitaka kujiosha huwa inatafuta mwanamke maskini mwenye mikono mizuri. Ikaungana na nyumba ya mitindo ya Mumbai inayoitwa Neelrekha, wakatangaza nguo za taratibu: pamba isiyo na dawa, hakuna mashine, hakuna haraka. Na kila nguo ina lebo yenye jina la mwanamke aliyeishona, na kijimraba cha kupiga picha kwa simu ili uone uso wake. Wakaiita "Mjue Aliyekushonea". Jina moja. Uso mmoja. Lebo ni ndogo, si unajua.

Aliyekuja kukusanya majina alikuwa Devika, msichana wa Neelrekha, na alikuwa mtu mzuri. Hilo lisemwe mapema maana hadithi hii haina jini. Alikuja na tableti, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akala kebabu tatu na mkate wa zafarani, akakataa ya nne kwa adabu. Ishrat akampenda. Kisha Devika akaitandika ile kurta ya mfano mapajani, akauliza nani kaishona.

Ishrat akasema ni ya Tarannum, yeye mwenyewe kashika shika tu.

Tarannum akaruka. Akasema Apa anatania, Apa maana yake dada mkubwa, kazi yote ya maana hapo ni ya Apa, angalia hii jaali. Ishrat akasema jaali ni matundu tu, sasa mtu anajisifu kwa matundu? Tarannum akasema basi iandikwe ya Apa. Ishrat akasema haiwezekani, huyu ndiye anayelala saa chache, huyu ndiye mwenye watoto. Devika akawa anageuza shingo kama mtu anayeangalia mpira wa meza. Kwa Mumbai mtu akikana mara tatu, amekana. Kwa Lucknow mara tatu ndiyo kwanza salamu. Alitakiwa aendelee kuuliza, ashike mkono wa Ishrat, aape kwa kichwa cha mama yake. Badala yake akaangalia saa, ana nyumba kumi na moja zimebaki, akaandika: Tarannum. Akampiga picha, na Tarannum akajifunika kidogo na mtandio, akatoka mzuri kama bibi harusi.

Usiku Tarannum alinuna. "Apa, siku moja adabu yako itatuua."

"Kufa kwa adabu siyo mbaya," Ishrat akasema. "Nipitishie chumvi."

Chumvi ilikuwa karibu na goti lake mwenyewe, upande wa kulia.

Mambo hayo yalikuwa yameanza kitambo. Alikuwa anagonga beseni. Alikuwa anamkanyaga paka wa jirani, paka anapiga kelele, yeye anamwomba msamaha kwa heshima zote. Pikipiki ilikuwa nusura impitie uchochoroni kwa upande huo huo wa kulia. Alijiambia ni uzee. Sindano alikuwa anaiona vizuri kabisa, ncha yake na uzi wake, kwa hiyo macho ni mazima. Ungewaza hivyo hivyo na wewe.

Januari Tarannum alimburuta mpaka hospitali ya serikali. Daktari, mzee mmoja aliyechoka, akamwambia ana presha ya macho. Inakula kuanzia pembeni, akasema, inakuachia katikati mpaka mwisho, na mtu anayeangalia ncha ya sindano siku nzima ndiye anayegundua mwisho. La kulia limeshakwenda. La kushoto linaweza kuokolewa lakini matone peke yake hayatoshi, anahitaji upasuaji na asichelewe. Kilichopotea hakirudi, tunakilinda kilichobaki tu. Akamwandikia tarehe kwenye karatasi. Agosti. Hiyo ndiyo foleni.

Hospitali ya kulipia wangemfanyia wiki hiyo hiyo. Waliuliza bei wakiwa wamesimama, wakatoka bila kukaa.

Sasa sikia. Machi, siku ya wanawake, Olmark wakatoa kampeni mpya. Mtu mmoja mtandaoni alikuwa amewauliza: mmetuonyesha nyuso za hawa mama, macho yao mnayafanyia nini? Swali likasambaa vibaya sana. Kampuni ikajibu ndani ya siku tisa: kila mwanamke mwenye jina kwenye lebo atapimwa na kutibiwa macho bure, upasuaji ukiwemo, kwenye ile ile hospitali ya kulipia ya mjini. Kadi za matibabu zikaletwa na bhai Munawwar, yaani kaka Munawwar, wakala wao, mtu wa kutafuna tambuu na kulalamika. Nyumba ya Ishrat ikapata kadi moja. Ina picha ya Tarannum na mtandio wake.

Tarannum aliipokea ile kadi. Asubuhi yake akamvalisha Ishrat mtandio ule ule wa kwenye picha, wakaenda. Dada wa mapokezi akaangalia kadi, akaangalia kitambulisho, akaangalia uso, akarudia. Aliwaambia kwa upole kabisa kwamba mfumo haumtambui huyu mama. Tarannum akasema mfumo ungekuwa na mama usingesema hivyo. Watu kwenye viti wakacheka. Mfumo haukucheka.

Wakampigia Devika. Akaja mwenyewe kwa ndege, akasikiliza, machozi yakamlengalenga. Halafu akaeleza. Nguo arobaini zimeshauzwa na jina la Tarannum. Wakaguzi wamelipitisha. Kulibadilisha ni lazima Tarannum asaini barua kwamba alitoa taarifa za uongo, na anayetoa taarifa za uongo anafutwa kwenye orodha ya mafundi, hiyo ni sheria ya Olmark ya uwazi.

Tarannum akasema, "Kalamu iko wapi?"

"Rudisha mkono," Ishrat akasema.

"Apa, ni saini tu."

"Hukusema uongo. Mimi ndiye niliyekuandikisha. Na wanao watakula uwazi?"

Walibishana pale mbele ya mgeni, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumba ile. Tarannum alisema mambo makali. Alisema Apa anapenda kuonekana mtakatifu kuliko anavyopenda kuona. Lilimwingia Ishrat.

Devika ndiye aliyepata njia. Bosi wa Olmark, mama mmoja anayeitwa Ingrid, anakuja wiki mbili zijazo na watu wa kamera. Atakaa nyumba hii, atauliza maswali. Devika atahakikisha swali la nani kaishona jaali anaulizwa Ishrat. Akijibu kwenye kamera, mbele ya bosi mwenyewe, "mimi", Devika atakuwa na ushahidi wa kuomba aongezwe kama jina la pili. Hakuna barua. Hakuna mwongo. Neno moja tu.

"Anti, utaweza?" akauliza.

"Neno moja, mwanangu," Ishrat akasema. "Nina miaka hamsini na tatu, siwezi neno moja?"

Walifanya mazoezi. Hili linachekesha, na majirani walicheka kweli. Tarannum anakaa kitini na kitambaa kichwani, anajifanya mzungu, anauliza kwa sauti ya puani, ni nani kashona jaali hii nzuri? Na Ishrat anajibu: mimi. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akasema mimi, kwa neema ya Mungu, na kwa msaada wa wenzangu, na Tarannum akamrushia mto. Mpaka siku ya tatu alikuwa anasema mimi peke yake, kavu, kama mtu anayejibu mlangoni. Watoto wakapiga makofi.

Ingrid alikuja siku ya joto, umeme umekatika. Ishrat alikuwa amepika tangu alfajiri. Mgeni alikula kwa mkono, akachafuka, akaomba tena, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mwenye nyumba wa Lucknow ukimlia chakula chake na ukaomba tena umeshamfunga kamba. Kamera ikawashwa. Ingrid akaishika kurta, akaiinua kuelekea dirishani, mwanga ukapita kwenye mamia ya vidirisha vile, vivuli vyake vikaanguka usoni kwake. Machozi yakamtoka, ya kweli, wala hakuigiza. Akasema hajawahi kugusa kitu kizuri kama hiki maishani. Akauliza kwa mkalimani, akimwangalia Ishrat: nani kaifanya hii?

Tarannum akamfinya kwenye paja.

Mgeni ndani ya nyumba yako. Amekula, amesifia, analia. Ishrat alifungua mdomo kusema neno moja, na mdomo ukasema kile ulichosema miaka hamsini.

"Uzuri uko kwenye macho yako, mama. Sisi tumeshika shika tu."

Mkalimani akatafsiri. Ingrid akaweka mkono kifuani. Mwenye kamera akanyanyua dole gumba. Kipande kile ndicho kilichokuja kuwekwa mwanzo wa video yao, bila shaka umekiona, kina watazamaji wengi kuliko watu wa Chowk.

Wakaanza kukunja nyaya. Ingrid ana ndege ya kuwahi. Devika akapiga magoti haraka mbele ya Ishrat, akamwuliza tena kwa sauti ndogo, Anti, nani kashona?

"Mimi," Ishrat akasema. "Ni mimi. Jaali yote ni mimi."

"Anti," Devika akasema, "kamera imezimwa."

Imezimwa, sawa. Masikio ya Devika hayakuzimwa. Angeweza kumkimbilia Ingrid pale uchochoroni, akamshika kiwiko, akamwambia simama. Hatua ishirini. Hakwenda, kwa sababu Ingrid ni bosi wa bosi wake, na kila mtu ana mtu ambaye hawezi kumshika kiwiko. Aliahidi atalifuatilia kwa barua. Alilifuatilia pia, mara nne, na kila mara akajibiwa kwa shukrani.

Aprili ikaisha. Hospitali ya kulipia ikampigia simu Tarannum: kadi yake haijatumika na kampeni inafungwa, tafadhali aje, watu wa video watakuwepo. Alikataa. Munawwar akaja kumwambia kwamba asipokwenda itaonekana kadharau, na orodha ya mafundi wa msimu ujao bado haijatoka. Ishrat ndiye aliyempigia pasi nguo.

Walimkalisha Tarannum kwenye kiti kizuri, wakamziba jicho moja, wakamwambia asome herufi ukutani. Akasoma zote, mpaka mstari wa chini kabisa ambao hata muuguzi anaukariri tu. Jicho la pili, zote. Daktari akasema macho kama haya hajayaona kwa mwanamke wa sindano. Hapo Tarannum akalia, kwa sauti, pua inatiririka. Video ikatoka baada ya wiki. Chini ya kilio chake wameandika: machozi ya shukrani.

Wakampa na mfuko wenye nembo. Ndani kuna kitambaa cha kufutia miwani.

Alirudi nyumbani akakaa chini karibu na Ishrat, upande wa kushoto, ambako sasa ndiko watu wote wa nyumba hiyo walikuwa wanakaa. Ishrat akamwuliza kama amekula. Akasema hajala. Ishrat akamwuliza kama alisoma herufi zote.

"Zote."

"Hata zile ndogo?"

"Hata zile ndogo, Apa."

"Alhamdulillahi," Ishrat akasema, na alimaanisha. Kisha akasema kuna dengu jikoni, ila ajipakulie mwenyewe, yeye leo keshajimwagia mara mbili.

Agosti ilifika kwa taratibu zake za serikali. Yule daktari mzee akamfanyia upasuaji wa jicho la kushoto, akafanya vizuri, presha ikashuka. Lakini kuanzia Januari mpaka Agosti ni miezi saba, na ugonjwa ule haukuwa na likizo. Kilichobaki ni kama kuangalia kupitia tundu la ufunguo. Uso wa mtu mmoja kwa wakati mmoja, ukikaa mbali kiasi. Sindano, hapana.

Kwenye fremu ya kushonea kulikuwa na kurta ya mwisho. Aliilazimisha mwezi wa Juni na Julai, kwa kugusa, kwa kubahatisha, akimdanganya Tarannum kwamba anaona. Nusu ya ua moja ilikuwa jaali safi. Nusu nyingine nyuzi zimejikusanya, pengine zimekatika, na katikati pana tundu la kupitisha kidole. Siyo kitu cha kurekebishwa. Jaali hairudi nyuma.

Munawwar akaja kukusanya kazi ya mwezi. Akakunja moja, akakunja mbili, akafika kwenye ile. Akaiinua mlangoni kwenye mwanga na tambuu ikamkwama shavuni.

"Nani kaharibu hii?"

"Mimi," Tarannum akasema haraka, hata mwenzake hajamaliza kuuliza. "Nilikuwa najifunza. Nikate mimi malipo."

Munawwar akamgeukia, akaanza kulalamika, kitambaa kile bei yake inajulikana, mtu anajifunzia kwenye tambara, hajifunzii kwenye mali ya watu. Tarannum ameinamisha kichwa, anakubali kila kitu.

"Munawwar," Ishrat akaita.

Alinyoosha mkono akapapasa hewani mpaka akaipata nguo, akaivuta kutoka kwa Munawwar polepole, kama mtu anayemwondoa mtoto mikononi mwa mgeni. Akaipeleka karibu na jicho la kushoto, akaisogeza huku, akaisogeza huku, akatafuta lile tundu na hakulipata. Akalipata kwa kidole.

"Usimsikilize," akasema. "Hii ni yangu. Hii nimeishona mimi."

Munawwar, ambaye amejuana naye miaka thelathini na hajawahi kumsikia akisema hivyo, hakujua aangalie wapi. Akasema haidhuru, dada, haidhuru. Akachukua zile mbili nzima, akaacha ile, akavaa viatu. Mlangoni alimpisha Tarannum aliyekuwa anamsindikiza, tangulia wewe, na Tarannum akapita, hakubembelezana.